Maswali ya Wasomaji: Kusoma Haki za Binadamu Ngazi ya Uzamili Ukiwa Mbali na Chuo

Tangu safu hii iliposema machache kuhusu elimu masafa katika toleo lililopita, barua nyingi zilizotufikia zimeuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: je, mtu aliyeko kazini, anayeishi mbali na chuo, anaweza kusoma haki za binadamu hadi shahada ya uzamili, na elimu hiyo itamfaa nini? Tumechagua barua tano. Majina tumeyaondoa, pamoja na kila jambo linaloweza kumtambulisha aliyeandika, kwa kuwa baadhi ya wasomaji hawa wanafanya kazi zinazodai usiri.

Ndugu Mhariri, nina shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii na ninafanya kazi Kasulu, mkoani Kigoma, katika shirika linalohudumia wakimbizi. Kila siku watu huniuliza kuhusu haki zao, nami huwajibu kwa uzoefu tu. Natamani kusoma haki za binadamu katika ngazi ya uzamili bila kuacha kazi, lakini wenzangu wananiambia kwamba masomo hayo ni ya wanasheria peke yao. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nianzie wapi?
*Msomaji, Kasulu*

Ndugu yetu wa Kasulu, wenzako wamesema nusu ya ukweli. Haki za binadamu husomwa katika ngazi ya uzamili kwa njia mbili, na inafaa uzitofautishe kabla hujajaza fomu yoyote. Njia ya kwanza ni ya vitivo vya sheria, yaani shahada ya uzamili ya sheria, maarufu kama LLM, ambayo kwa kawaida humtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza ya sheria. Njia ya pili ni shahada ya uzamili inayofupishwa MA, ambayo huyachanganya masomo ya sheria na siasa, historia, maendeleo na kazi za jamii, na ambayo huwapokea watu kama wewe, walimu, wauguzi, waandishi wa habari na maofisa wa serikali. Anayesoma njia ya pili hupambana na sheria pia, tena sana, ila hatarajiwi kuwa amekwisha kusoma sheria ya mikataba au ya jinai.

Kwa kazi uliyo nayo, sitakuelekeza kwenye shahada ya haki za binadamu kwa ujumla wake kabla sijakutajia ile iliyo karibu nawe zaidi. Chuo Kikuu cha London, ambacho tangu mwaka 1858 kimewaruhusu watu walio nje ya London kufanya mitihani yake, kimekuwa kikitoa kwa masafa shahada ya uzamili ya ulinzi wa wakimbizi na uhamaji wa kulazimishwa. Ninaitaja kwa sababu swali unalokutana nalo Kasulu ndilo kiini cha somo lenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu mwenye hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi yake, dini yake, uraia wake, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Mama aliyekimbia kutoka Kivu Kusini kwa kuwa mapigano yalifika kijijini kwake, huku hakuna mtu aliyemtafuta yeye binafsi, anaweza kushindwa kuingia katika maelezo hayo. Lakini Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1969 uliongeza fungu la pili, linalomhusu pia mtu aliyelazimika kuondoka kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, kutawaliwa na wageni, au matukio yaliyovuruga vibaya usalama wa umma katika sehemu au nchi nzima anakotoka, na Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 imelibeba fungu hilo. Mtumishi wa kambini anayeijua tofauti hii humuuliza yule mama maswali tofauti, huandika maelezo yake kwa namna nyingine, na hajibu tena kwa uzoefu tu.

Ukiona kwamba uwanja wako ni mpana kuliko ukimbizi, uliza pia hapa nyumbani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kina vituo mikoani, na faida ya kituo kilicho ndani ya mkoa wako huionja siku ya mtihani, siku umeme ulipokatika, na siku unapohitaji kuongea na mtu uso kwa uso. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kimefundisha kwa masafa tangu mwaka 1946. Ni kupitia chuo hicho Nelson Mandela alitunukiwa shahada yake ya kwanza ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa.

Nikuonye kuhusu mambo mawili. La kwanza, watu wengi husikia sifa za Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria, wakadhani kwamba shahada yake ya uzamili ya haki za binadamu na demokrasia barani Afrika, iliyoanza mwaka 2000, inasomwa ukiwa nyumbani. Hiyo ni ya kuhudhuria, tena kwa muda wote. La pili, hakuna shahada ya haki za binadamu, ya masafa au ya darasani, itakayokufanya wakili. Anayetaka uwakili Tanzania huanza na shahada ya kwanza ya sheria, kisha hupita katika mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Lakini ukitaka kuwasaidia watu kisheria bila kuwa wakili, soma Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Nina hakika utaona nafasi yako humo.

Mhariri, mimi ni ofisa maendeleo ya jamii katika mkoa wa Morogoro. Kuna mtu alinipigia simu akaniambia kwamba anaweza kunipatia ufadhili wa kusoma haki za binadamu Uingereza kwa mtandao, mradi nitume pesa ya kufungua jalada. Nilituma, na simu yake haipatikani tena. Sasa nina hofu na masomo yote ya masafa. Je, shahada hizo hutambuliwa na mwajiri? Na kuna ufadhili wa kweli?
*Msomaji, Morogoro*

Pole sana, dada yetu. Toa taarifa polisi ukiwa na namba iliyopokea fedha na ujumbe wa muamala, hata kama huna matumaini ya kurudishiwa, kwa sababu namba ileile huenda inawatafuta wengine leo. Ufadhili wa kweli hauna mtu wa kati anayefungua jalada.

Nianze na ufadhili. Tume ya Ufadhili wa Masomo ya Jumuiya ya Madola nchini Uingereza ina fungu maalumu la shahada za uzamili zinazosomwa kwa masafa, kwa ajili ya watu wanaoishi katika nchi za Jumuiya zenye kipato cha chini na cha kati, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Ufadhili huo hulipa ada ya masomo. Mwombaji huomba mwenyewe kwenye mfumo wa tume, kisha huomba nafasi katika chuo husika, na orodha ya shahada zinazofadhiliwa hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo, kabla hujaipenda shahada fulani, hakikisha kwamba imo katika orodha ya mwaka huo. Maelezo binafsi yanayotakiwa ndiyo huwaangusha wengi. Wasomaji wa maombi hayo wanataka kuona utafanya nini na elimu hiyo katika wilaya yako, na wewe unayo mambo ya kuwaeleza kuliko kijana aliyetoka chuoni jana.

Kama huna ufadhili, tafuta chuo kinachokuruhusu kulipa kwa somo moja moja, na kinachotoa cheti na stashahada ya uzamili njiani. Shahada ya uzamili ya sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa masafa, kwa mfano, imepangwa hivyo: unaanza na cheti, unapanda hadi stashahada, kisha shahada, na yale uliyoyafaulu hayapotei. Ada ikiwa kwa pauni, kumbuka kwamba thamani ya shilingi inaweza kushuka kati ya somo la kwanza na la mwisho. Piga hesabu ukiwa na akiba ya kuziba pengo hilo.

Kuhusu kutambuliwa, kwa Tanzania mwenye kauli ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo hutambua na kulinganisha tuzo zilizotolewa nje ya nchi. Uganda kazi hiyo iko kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Usisubiri kuhitimu ndipo uulize. Andika kabla ya kulipa ada, utaje jina kamili la chuo, jina la shahada na namna itakavyosomwa, na jibu ulihifadhi. Chuo chenyewe kiulize jambo moja tu: cheti cha mwisho kitasomekaje? Vyuo vingi vinavyoheshimika humpa mwanafunzi wa masafa shahada ileile anayopewa aliyeketi darasani, kwa mitihani yenye uzito uleule. Kikijibu kwa kuzungukazunguka, ondoka.

Kisha muulize mwajiri wako kwa maandishi. Kutambuliwa na TCU hakumlazimishi mtu kukupandisha cheo, na muundo wa utumishi wa kada yako ndio utakaosema kama shahada hiyo inahesabiwa. Nimeona watumishi waliosoma kwa bidii ya kusifika wakarudi kuambiwa kwamba fani yao haimo kwenye muundo.

Hata hivyo, usiipime elimu hii kwa cheo pekee. Wewe ni ofisa maendeleo ya jamii, na bila shaka umekutana na baba anayetaka kumwoza binti wa miaka 15 akidai kwamba sheria inamruhusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, ndivyo ilivyosema. Katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Ukiisoma hukumu ile kwa macho ya mwanafunzi wa uzamili, utaona namna hoja ya usawa katika Ibara ya 13 ya Katiba ilivyojengwa, na namna hoja ya Serikali kwamba sheria ilikuwa inamlinda binti aliyepata mimba ilivyopimwa na kukataliwa. Ukisimama mbele ya baraza la kata ukiwa na hoja hizo kichwani, unaongea kwa namna nyingine kabisa.

Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa historia na serikali katika shule ya upili, kaunti ya Narok. Nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya haki za binadamu kwa mtandao na ninataka kuandika tasnifu kuhusu ardhi na jamii zinazoishi misituni. Ninaogopa jambo moja: sina maktaba karibu, sina wanafunzi wenzangu, na sijui kazi ya ngazi hiyo inataka nini hasa. Nisaidie.
*Mwalimu, Narok*

Mwalimu, umeandika kutoka mahali ambapo mwanafunzi wa London au Geneva angetamani kuwa. Jitayarishe kwa kulifanyia kazi shauri moja kikamilifu kabla muhula haujaanza, na shauri lenyewe liko upande wako wa nchi: Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu dhidi ya Jamhuri ya Kenya, kuhusu jamii ya Waogiek wa Msitu wa Mau, lililoamuliwa na Mahakama ya Afrika jijini Arusha tarehe 26 Mei 2017.

Hukumu hiyo inapatikana bila malipo katika tovuti ya Mahakama. Ipakue siku mtandao ulipo mzuri, uichapishe ukiweza, uisome mara ya kwanza bila kuandika chochote. Mara ya pili, jiulize swali ambalo wasomaji wengi huliruka: kwa nini mlalamikaji ni Tume, na si Waogiek wenyewe? Jibu limo katika Itifaki iliyounda Mahakama, ya mwaka 1998, ibara ya 34(6): mtu binafsi au asasi haiwezi kuipeleka nchi mahakamani moja kwa moja mpaka nchi hiyo itoe tamko la kukubali hilo, na Kenya haikuwa imetoa. Kwa hiyo malalamiko yalianzia kwa Tume mwaka 2009, baada ya notisi ya siku 30 ya kuwataka watu waondoke msituni, na Tume ndiyo iliyoyapeleka Arusha mwaka 2012. Tanzania ilitoa tamko hilo mwaka 2010, ikaliondoa Novemba 2019, na kuondoa huko kukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Hapo tayari una swali la utafiti lenye uzito: haki inakuwa na thamani gani kwa mtu ambaye hana njia ya kuifikia mahakama inayoilinda?

Sasa nenda mahali hukumu inapoanza kukataa. Watu wengi hukumbuka kwamba Waogiek walishinda, na ni kweli kwamba Mahakama iliona wamevunjiwa haki ya ardhi, ya dini, ya utamaduni, ya kutobaguliwa, ya kunufaika na maliasili na ya maendeleo. Lakini kuhusu haki ya kuishi, iliyo katika Ibara ya 4 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, Mahakama haikuona uvunjaji. Ilisema ibara hiyo inahusu uhai wa mwili, na kwamba kumwondoa mtu katika mazingira anayoyategemea kunaweza kumharibia maisha yake ya staha bila lazima kumvunjia haki ya uhai. Je, unakubaliana nayo? Msitu uliokulisha, uliokuponya na uliowazika wazee wako ukifungwa, je, uhai wako haujaguswa? Andika kurasa mbili ukiitetea Mahakama kwa nguvu zako zote, kisha kurasa mbili ukiipinga. Hiyo ndiyo kazi ya uzamili, na ninakuomba uifanye kweli, kwa sababu mtu anayeipenda jamii yake huona taabu kuandika upande wa pili, na bila upande wa pili insha yake hubaki kuwa malalamiko. Wasahihishaji huziona insha za namna hiyo kila muhula: zina uchungu wa haki, zina mifano ya kuumiza, lakini hazijibu hoja ya Serikali kwamba watu waliondolewa ili kuuhifadhi msitu. Mahakama iliijibu hoja hiyo kwa kuangalia ushahidi, ikasema hakuna uthibitisho kwamba Waogiek ndio waliouharibu Mau. Jifunze kutoka kwayo.

Ukimaliza, soma hukumu ya fidia ya tarehe 23 Juni 2022, ambamo Kenya iliamriwa kulipa shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali, pamoja na kuyatambua na kuyapima maeneo ya Waogiek na kuwapa hatimiliki ya pamoja. Kisha linganisha na uamuzi wa Tume kuhusu Waendorois wa Ziwa Bogoria, uliotangulia kwa miaka kadhaa. Utakuwa na maandiko matatu, yote kuhusu nchi moja, na swali la utekelezaji litajitokeza lenyewe: kati ya siku hukumu ilipotolewa na siku familia moja inaposhika hati mkononi, kuna ofisi zipi, na karatasi imekwama katika ofisi ipi? Wewe unaweza kulifuatilia hilo kwa kupanda matatu. Mwanafunzi aliye Ulaya hawezi.

Kuhusu maktaba, chuo chochote cha masafa kinachostahili ada yake hukupa namba ya siri ya kuingia katika maktaba yake ya kidijitali tangu siku ya usajili. Uliza jambo hilo sasa. Juu ya hapo, sheria na hukumu za Kenya zinasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na za Tanzania kwenye TanzLII. Wenzako wa masomo watafute katika wiki ya kwanza, wawili au watatu tu, mkubaliane kusomeana rasimu. Upweke ndio unaowaachisha wengi masomo ya masafa, hata wenye akili na ada yao tayari, kwa hiyo usiuchukulie kuwa jambo dogo.

Mhariri, ninaishi Tanga, nina watoto wawili wadogo na ninafanya kazi benki. Je, shahada hii inawezekana kwa mtu kama mimi, au nitapoteza ada?
*Mama, Tanga*

Inawezekana, mama, ila mazungumzo ya kwanza yawe na watu wa nyumbani kwako kabla ya chuo. Anayesoma kwa muda wa ziada anahitaji takriban saa 10 hadi 15 kwa wiki, na saa hizo hutoka mahali fulani: usingizini, kwenye harusi na misiba ya jirani, au kwa mtu mwingine atakayewalaza watoto. Elewaneni mapema ni nani huyo.

Uliza kama semina hufanyika kwa wakati maalumu na kama zinarekodiwa. Semina ya saa kumi na mbili jioni ya London ni saa tatu usiku kwenu wakati wa baridi yao, na saa mbili usiku wakati wa kiangazi, kwa kuwa Waingereza husogeza saa zao mwezi Machi na Oktoba. Uliza pia masharti ya kuahirisha muhula endapo utajifungua au kuuguliwa, na muda wa juu kabisa wa kumaliza. Na kama shahada ina wiki za kukutana chuoni, zihesabu katika gharama: ile ya Oxford ya sheria ya kimataifa ya haki za binadamu, kwa mfano, husomwa kwa miezi 22 na sehemu yake kubwa ni ya masafa, lakini kuna vipindi viwili vya kiangazi ambavyo mwanafunzi hukaa Oxford kwenyewe. Ukiwa na mashaka, anza na cheti cha uzamili chenye masomo machache. Muhula mmoja utakuonyesha ukweli wa nyumba yako kuliko ushauri wangu.

Bwana Mhariri, mimi ni mwandishi wa habari wa redio huko Bukavu. Nilisoma kwa Kifaransa. Nimeanza shahada ya uzamili ya haki za binadamu kwa masafa, na kwa tasnifu ninataka kutumia mazungumzo niliyorekodi kwa miaka mingi na akina mama waliofanyiwa ukatili wa kingono wakati wa vita. Sauti hizo ninazo tayari. Je, ninaweza kuzitumia?
*Msomaji, Bukavu*

Ndugu yetu, usizitumie kama zilivyo. Akina mama hao walikubali kuongea na redio, kwa siku ile, kwa kusudi lile. Kukubali huko hakuhami pamoja na kinasa sauti chako hadi chuo kikuu. Chuo chako kina kamati ya maadili ya utafiti, na kamati hiyo lazima ipitishe mpango wako kabla hujamhoji mtu au kutumia tena maneno yake. Mwanafunzi wa masafa hujiona yuko mbali na kamati hiyo, akasahau kwamba ndiye aliye karibu na watu wanaoweza kudhurika.

Jiulize kwanza kama unahitaji kuwahoji kabisa. Mama aliyesimulia kwa daktari, kwa polisi, kwa mpelelezi na kwa redio, akiombwa kusimulia mara ya tano kwa ajili ya shahada ya mtu, anastahili sababu nzito sana. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 ilikusanya matukio 617 ya ukatili nchini Kongo kati ya mwaka 1993 na 2003, na iko wazi kwa kila mtu. Zipo hukumu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, zinazosomeka kwa Kifaransa, ikiwemo ile ya Julai 2019 dhidi ya Bosco Ntaganda, kiongozi wa waasi wa Kongo, ambaye alitiwa hatiani pia kwa ubakaji na utumwa wa kingono waliotendewa watoto waliokuwa ndani ya kundi lake mwenyewe. Tasnifu inayouliza, tuseme, namna mahakama ilivyoupima ushahidi wa watoto hao inaweza kuandikwa bila kumsumbua mama hata mmoja, na inaweza kuwa tasnifu bora kabisa.

Kama baada ya hapo bado unaona kwamba sauti zao ni za lazima, rudi kwao upya. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha Bukavu au lugha ya mama mwenyewe, isomwe kwa sauti, na iseme wazi kwamba anaweza kukataa, kuacha katikati, au kubadili nia baada ya wiki mbili, bila kupoteza chochote. Ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa yaweza kuwa salama kuliko sahihi yenye jina, kwa kuwa karatasi huonekana na mume, na shemeji, na askari wa kizuizi cha barabarani. Tafuta mshauri wa kisaikolojia aliye tayari kumpokea atakayelemewa, na upange naye siku kabla ya mahojiano ya kwanza.

Angalia pia simu yako. Rekodi zikiwa zimehifadhiwa kwa jina la mama na kijiji chake, yeyote atakayeiokota simu hiyo amempata mama huyo. Mashahidi wa Mahakama ya Kimataifa wanaolindwa hutajwa kwa herufi na namba. Fanya vivyo hivyo: badili kila jina kuwa namba, orodha inayounganisha namba na majina iwekwe mahali pengine chini ya neno la siri, na kijiji kisitajwe pale ambapo tukio lenyewe linamtosha jirani kumtambua mtu. Wewe ni mtangazaji, na pengine sauti yako na ya wageni wako zinajulikana mjini. Kwa hiyo usiweke kipande chochote cha sauti katika kazi ya chuo.

Kuhusu lugha, kama chuo chako kinafundisha kwa Kiingereza, muulize msimamizi kama unaweza kunukuu kwa Kiswahili au Kifaransa na kuweka tafsiri chini yake, ili maneno ya akina mama yabaki yao. Na mwenzako mwingine wa Bukavu anayetafuta masomo ya namna hii kwa Kifaransa aanzie katika Shirika la Vyuo Vikuu vya nchi zinazozungumza Kifaransa, AUF, ambalo limekuwa likitangaza shahada za masafa. Wewe leo mwandikie msimamizi wako barua pepe, umweleze rekodi ulizo nazo, zilipatikanaje na zimehifadhiwa wapi, na usimpigie simu mama yeyote kati ya hao mpaka kamati ya maadili imekujibu.